Inscryption inapogoma: dalili, sababu na la kufanya kabla hujaita fundi

Inscryption ni mchezo wa karata wa kompyuta wenye tabia ya kujifanya mbovu. Menyu inakataa kubofywa, picha inakatikakatika, karata inakusemesha, nusu ya skrini inaingia giza, na kuna bosi anayetaka kupekua mafaili ya kompyuta yako. Daniel Mullins, mtengenezaji wake kutoka Kanada, aliyaweka hayo kwa makusudi. Toleo la Windows lilitoka 19 Oktoba 2021 chini ya Devolver Digital, na tangu hapo watu wamekuwa wakifuta mchezo na kuusakinisha upya kwa sababu ya "hitilafu" ambazo ni sehemu ya hadithi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, bonyeza Alt+Tab. Ukitoka kwenye mchezo na kila kitu cha nje kiko sawa, kisha ukirudi ukakuta sauti inaendelea na kipanya kinasogea, basi huenda ni kiini macho cha mchezo. Subiri dakika moja, bofya vitu vilivyo mbele yako. Lakini kama Windows inaandika "Not Responding", kama mchezo unajifunga wenyewe, au kama mistari ya rangi inaonekana hata ukiwa nje ya mchezo, hiyo ni hitilafu ya kweli.

Tahadhari: kuanzia pale penye habari za kibanda (chumba cha sehemu ya kwanza ya hadithi), maelezo yanafichua siri. Usiruke mbele kama hujakwama.

"New Game" haibofyeki

Si hitilafu. Ukiwasha mchezo kwa mara ya kwanza hupewi nafasi ya kuanza mchezo mpya. Unachukua karata ya "Continue" hata kama hujawahi kucheza. Kitufe hicho utakipata ukiwa ndani ya hadithi, mwisho wa sehemu ya kwanza. Usifute faili la hifadhi ukidhani kuna mabaki ya mchezaji mwingine.

Mchezo hauwaki, au skrini inabaki nyeusi

Sababu ya kawaida ni faili lililoharibika wakati wa kupakua, hasa pale intaneti ilipokatika katikati au bando lilipoisha. Ndani ya Steam (duka la michezo la kompyuta), bofya mchezo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua "Properties", kisha "Installed Files", kisha "Verify integrity of game files". Steam itapakua upya yale yaliyoharibika tu, kwa hiyo hutalipia bando la mchezo mzima.

Inayofuata ni draiva ya kadi ya michoro. Chukua mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi yenyewe (NVIDIA, AMD au Intel), si kwenye zile programu zinazojitangaza kwamba zinasasisha draiva zote kwa mkupuo. Laptopu yenye kadi mbili za michoro inaweza kuuwashia mchezo kwenye ile dhaifu: nenda "Settings", "System", "Display", "Graphics", ongeza Inscryption.exe na uchague "High performance".

Ukiona nyeusi lakini unasikia sauti, tatizo mara nyingi ni ukubwa wa skrini, hasa ukiwa umeunganisha televisheni. Kwenye "Properties", sehemu ya "Launch Options", andika:

-screen-fullscreen 0 -screen-width 1280 -screen-height 720

Mchezo umejengwa kwa Unity, na maagizo hayo ni ya Unity. Ukiwaka kwenye dirisha dogo, rekebisha ukubwa ndani ya mipangilio ya mchezo, kisha ufute mstari huo.

Bado? Soma kumbukumbu ya mchezo. Bonyeza Windows+R, bandika %USERPROFILE%\AppData\LocalLow\Daniel Mullins Games\Inscryption na ufungue Player.log. Anza kusoma kutoka mwisho. "DllNotFoundException" inamaanisha kuna faili limekosekana, mara nyingi limezuiwa na antivairasi. Litazame kwenye karantini yake. Jina la modi (nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji) likitokea hapo, mkosaji wako ni huyo. Kumbukumbu hiyo ndiyo ya kuambatanisha ukiandikia msaada wa wachapishaji. Bila hiyo watakuuliza tu.

Wenye Windows 7 au 8 wajue kwamba Steam iliacha kuzihudumia tangu 1 Januari 2024, kwa hiyo shida inaweza kuwa Steam yenyewe. Na nakala za kupeana kwa flashi hazina tiba hapa: huwezi kuzihakiki, huwezi kujua kilichochomekwa ndani yake, na dalili zake hazifuati utaratibu wowote.

Kama umeununua Steam na umegoma kabisa, kumbuka muda wa kurudishiwa pesa: ndani ya siku 14 tangu kununua, na uwe umecheza chini ya saa 2. Saa hizo zinahesabika hata ukiwa umekodolea skrini nyeusi. Usijaribu usiku kucha halafu ukaomba pesa asubuhi.

Video za mtu halisi hazionekani

Baada ya sehemu ya kwanza kuna video zilizorekodiwa kwa kamera, za jamaa anayefungua pakiti za karata. Ukisikia kimya na kuona weusi mtupu, angalia kama Windows yako ni toleo la N. Matoleo hayo huja bila vifaa vya video. Fungua "Optional features" kwenye mipangilio, tafuta "Media Feature Pack", sakinisha, zima kompyuta na uwashe. Kwenye Linux, badilisha toleo la Proton (programu inayoendesha michezo ya Windows): "Properties", "Compatibility", chagua jipya zaidi lililopo.

Maendeleo yamepotea

Hapa pana jambo la kulielewa vizuri. Kwenye Windows mchezo haufichi hifadhi yake mbali. Unaiweka ndani ya folda ulikosakinishwa, kwa kawaida steamapps\common\Inscryption. Faili linaitwa SaveFile.gwsave na pembeni yake kuna nakala ya akiba, SaveFile-Backup.gwsave. Kutokana na hilo zinazuka sababu tatu, kwa mpangilio wa jinsi zinavyotokea:

1. Umeme kukatika au laptopu kuisha chaji wakati mchezo unaandika. Faili linabaki nusu. Funga mchezo, nakili mafaili yote mawili uyaweke kwenye folda nyingine, kisha futa SaveFile.gwsave na uipe nakala ya akiba jina hilo. Utarudi nyuma kidogo, lakini hutaanza upya.

2. Mgongano na hifadhi ya mtandaoni ya Steam. Likitokea dirisha la kukuuliza uchague ya kompyuta au ya mtandaoni, tazama tarehe na saa kabla ya kubofya. Ukichagua ya zamani, mpya inafutwa juu kwa juu.

3. Folda haina ruhusa ya kuandikwa. Huwapata walioweka nakala isiyo ya Steam ndani ya C:\Program Files. Dalili yake: unacheza vizuri, ukifunga na kufungua unakuta uko palepale pa jana. Hamishia mchezo kwenye folda kama C:\Michezo.

Usianze kwa kufuta na kusakinisha upya. Kwa sababu hifadhi iko ndani ya folda ya mchezo, anayefuta folda nzima kwa mkono anaondoka na kila kitu.

Acha kabisa kama diski inatoa mlio wa kugongagonga, au mafaili mengine yasiyo ya mchezo nayo yanakataa kufunguka. Zima kompyuta. Kila dakika inayowaka inapunguza kinachoweza kuokolewa. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuokoa data.

Picha inakwama, laptopu inachemka

Mchezo si mzito sana, ila kibanda cha sehemu ya kwanza kina vivuli na ukungu mwingi. Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio, funga kivinjari, chomeka chaja (laptopu nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri), na uiinue nyuma ipate hewa. Ikiwa sehemu ya pili inakwenda laini na ya kwanza inakwama, kadi ya michoro ndiyo inayozidiwa. Ya pili ni picha bapa za vigae (pikseli).

Laptopu ikijizima ghafla baada ya dakika 10 au 20, tatizo ni joto. Feni imejaa vumbi au krimu ya prosesa imekauka. Kama hujawahi kufungua laptopu, mpe fundi. Betri iliyovimba, au harufu ya plastiki kuungua: chomoa chaja na usiiwashe tena.

Nilikuwa na modi, sasa hakuna kinachofanya kazi

Modi nyingi hupita kupitia BepInEx, programu ya kupakia modi. Kujua kama ndizo chanzo, usifute kitu: badilisha jina la winhttp.dll ndani ya folda ya mchezo liwe winhttp.bak, kisha washa. Mchezo utawaka bila modi yoyote. Ukiwaka sawa, rudisha jina na utoe modi moja moja kutoka BepInEx\plugins, ukianza na ya mwisho kuwekwa. Hifadhi iliyo na karata za modi inaweza kukataa kufunguka modi ikitolewa, kwa hiyo nakili hifadhi kwanza.

Ninapoteza kila pambano

Lalamiko hili ndilo linalorudi kuliko yote, na chanzo chake kikubwa ni mizani. Watu huihesabu kama uhai. Si uhai. Kila pigo lisilozuiwa linaongeza uzito upande wa aliyepigwa, na anayefanya tofauti ifike 5 ndiye mshindi. Kama Leshy, mpinzani wako wa sehemu ya kwanza, amekupiga 3, huhitaji 5, unahitaji 8. Kwa upande mwingine, ukimpiga 2 sasa hivi umejinunulia pia pumzi ya mapigo 2. Kushambulia ni kujilinda, na anayekaa kuzuia tu anazidiwa.

Chanzo cha pili ni damu, yaani gharama ya kuweka karata. Damu haiwekwi akiba: unachinja karata zilizo mezani na kulipia palepale. Mifupa ndiyo inayobaki. Kila kiumbe chako kinachokufa, hata ulichokichinja mwenyewe, kinakuachia mfupa mmoja.

Tazama mkono huu: Squirrel mmoja, Stoat (damu 1, nguvu 1, uhai 3), Wolf (damu 2, nguvu 3, uhai 2). Mgeni anaweka Squirrel, anamchinja kwa ajili ya Stoat. Zamu inayofuata anachota Squirrel mwingine, halafu kwa uchu wa Wolf anachinja Squirrel pamoja na Stoat. Ametumia karata nne, mezani ana moja yenye uhai 2. Aliyezoea angeweka Stoat mbele ya nafasi iliyo wazi ili aanze kusukuma mizani, zamu ya pili angemweka Squirrel mpya mahali pasipo na adui, na Wolf angemsubiri Squirrel mwingine zamu ya tatu, akishapata damu mbili bila kumgusa Stoat. Squirrel aliyechinjwa anaachia nafasi yake, kwa hiyo Wolf anaweza kusimama palepale alipokuwa.

Sababu nyingine, ndogo zaidi: bunda nene. Kila karata ya ovyo unayoibeba inakuchelewesha kuikuta ile unayoihitaji, na kwenye vituo vya kuchagua karata huna ruhusa ya kukataa. Chagua njia ya ramani yenye vituo vya kuimarisha, si vya kuongeza. Ila usilipunguze hadi liishe kabla pambano halijakwisha: bunda lako na la Squirrel yakikauka yote mawili, njaa inaingia mezani na inazidi nguvu kila zamu.

Adui akiruka juu ya ukuta wako ana alama (uwezo maalumu wa karata) ya Airborne. Anazuiwa na mwenye Mighty Leap, kama Bullfrog. Pigo lako likipita mahali ulipodhani pana adui, huyo ni Waterborne: wakati wa zamu yako yuko chini ya maji.

Karata yangu imetoweka au imegeuka

Imegeuka dhahabu: ni bosi Prospector. Ukimaliza mshumaa (uhai) wake wa kwanza, anazigonga karata zako zote zilizo mezani ziwe vipande vya dhahabu. Dawa ni kumaliza awamu hiyo ukiwa na vitu vya bei rahisi mezani, na wazito wako wakiwa bado mkononi.

Imevutwa upande wa pili: ni bosi Angler. Ndoano yake inamfuata uliyemweka mwisho, kwa hiyo wa mwisho kumweka kila zamu awe Squirrel.

Imeliwa motoni: wale wanaota moto huongeza nguvu au uhai mara ya kwanza bila shida, ukirudia wanaweza kuila. Ukiwapa Ringworm wakamla, wanakufa, na mioto inayofuata inakuwa salama zaidi. Ni karata ya hovyo inayolipa kuliko nyingi nzuri.

Imeenda kwenye mawe ya kafara: hapo karata moja hufa ili alama yake ihamie kwa nyingine. Hairudi.

Na kama ulitaka kifaa kwenye mkoba ukapewa Pack Rat, ulikuwa tayari na vifaa vitatu. Hiyo ndiyo idadi ya juu.

Nimekwama ndani ya kibanda

Huwezi kunyanyuka mezani: subiri Leshy akuruhusu, na uwe kwenye ramani, si katikati ya pambano.

Sefu haifunguki: tarakimu zimo kwenye kitabu cha kanuni kilicho mezani, pindua kurasa zote, usiishie kwenye alama unazozijua. Aliyechoka kutafuta aweke 2, 7, 3.

Nusu ya skrini ni giza: ulitumia kisu maalumu. Kinaongeza uzito wa 4 kwenye mizani kwa gharama ya jicho lako. Si kioo cha kompyuta. Pambano likiisha utapewa sanduku la kuchagua jicho jingine. Chukua la mbuzi, maana linaona maandishi yasiyoonekana kwa la kawaida.

Nimemshinda Leshy na nimerudishwa mwanzo: huna filamu ya kamera. Bila hiyo ushindi hautoshi, hata ukirudia mara kumi. Kagua chumba upya kwa jicho la mbuzi, kisha urudi kwenye saa ya ukutani.

Sehemu ya pili na ya tatu

Picha kugeuka za vigae kama michezo ya zamani ni makusudi. Draiva yako haina kosa. Mchezo ukikataa kukuingiza vitani, hesabu bunda: sehemu ya pili inataka karata zisizopungua 20. Karata za mchawi Magnificus zikifa ghafla bila kupigwa, soma alama zake. Zenye Gem Dependent hufa pale jiwe la Mox linapoondoka mezani. Nishati ya kulipia karata za roboti P03 hupanda moja kila zamu hadi 6, kwa hiyo karata ya 5 kwenye zamu ya pili haitakubali hata ukibofya kwa hasira.

Sehemu ya tatu bosi Archivist anakuomba uchague faili halisi la kompyuta yako na kutishia kulifuta karata yake ikifa. Halifutwi. Ukikuta faili limetoweka baada ya hapo, tafuta kwenye karantini ya antivairasi na kwenye afya ya diski. Asiyetaka hata utani huo atengeneze folda yenye picha mbili tatu zisizo na maana na achague humo.

Kaycee's Mod

Nyongeza hii ya mchezo ilitoka rasmi 17 Machi 2022, na hufunguka ukimaliza hadithi. Malalamiko makubwa ni kwamba Fecundity, alama inayokupa nakala ya karata unayoiweka, "imeharibika": nakala inayokuja mkononi haina tena alama hiyo. Imepunguzwa kwa makusudi kwa sababu kwenye hadithi iliwapa watu karata zisizoisha. Panga bunda ukijua utapata nakala moja tu.

Macho na kichwa

Kuna kumetameta na kutikisika kwa picha mahali pengi. Ukisikia kizunguzungu, macho kucheza au mwili kukaza, acha papo hapo na uwashe taa. Mwenye historia ya kifafa azungumze na daktari kabla ya kucheza.

Mchezo unajifuta

Ukifika mwisho utaona kila kitu kikifutwa kimoja baada ya kingine mbele yako: ramani, wahusika, hata mizani katikati ya pambano. Hapa ndipo wengi huchomoa waya wa umeme kwa hofu, na kuchomoa huko ndiko kunakoharibu hifadhi kweli. Iache iende hadi menyu irudi yenyewe, funga mchezo kwa njia ya kawaida, kisha nakili SaveFile.gwsave mahali pengine kabla hujabofya "New Game".